Mgongo wa Bwana Mshindo

ZILPAH: Haloo? Haloo, mama Jihan? Wanipata?

AMATULLAH: Nani mwenzangu?

ZILPAH: Ni Zilpah. Zilpah wa vitabu. Napiga kwa simu ya ofisi, yangu imeisha chaji.

AMATULLAH: Aa. Dada Zilpah. Sabalkheri.

ZILPAH: Sabalkheri, mpenzi. Umeamkaje?

AMATULLAH: Nimeamka.

ZILPAH: Mama mkwe hajambo?

AMATULLAH: Hajambo. Yuko chumba cha pili, yuwavuta uradi.

ZILPAH: Na Jihan?

AMATULLAH: Yuko kwa jirani, anakula mahamri.

ZILPAH: Na wewe umekula?

AMATULLAH: Nimekula. Au hiyo ilikuwa jana.

ZILPAH: Mama Jihan—

AMATULLAH: Sema tu, nakusikia. Ila sogea mbali kidogo na simu. Yangu imekufa sikio, nakusikiliza kwa spika ya nje, nyumba nzima inakusikia.

ZILPAH: Pole. Tangu siku ya matanga sijakupigia. Nilikuwa naogopa nitasema neno lisilo mahali pake.

AMATULLAH: Usiogope. Leo siku ya hamsini na mbili. Watu wapiga, naitika. Wanasema pole, nasema tumeshapoa.

ZILPAH: [mkwaruzo] —imefika.

AMATULLAH: Nini imefika?

ZILPAH: Bahasha. Menza wa tuktuk ameileta. Anasema ulimteremshia kwa kikapu kutoka dirishani, hata kidole chako hakukiona.

AMATULLAH: Niko eda. Sijionyeshi kwa wanaume wa nje.

ZILPAH: Najua. Amekipokea kikapu kwa adabu kama aliyepewa mtoto mchanga. Bado yuko hapa mlangoni, anangoja jibu lako. Sasa sikiza. Nimezitandaza picha mezani, zote thelathini na moja. Ishirini na nane zile za kabla… za kabla. Na hizi tatu mpya.

AMATULLAH: Zimelowa?

ZILPAH: Hazikulowa.

AMATULLAH: Wino umechuruzika?

ZILPAH: Wino ni safi, mistari ni safi. Mama Jihan, Bwana Mshindo amegeuka.

AMATULLAH: Eeh.

ZILPAH: Amegeuka picha zote tatu! Hapa yuko sokoni, mgongo. Hapa anakimbizana na mbuzi, mgongo. Na hii ya mwisho kabisa, ya kufungia kitabu—

AMATULLAH: Mgongo.

ZILPAH: Basi wajua.

AMATULLAH: Ni mimi niliyechora, Dada.

ZILPAH: Haya. Mwalimu Ngowa ameandika nini pale mwisho? Ngoja nikusomee. "Bwana Mshindo, aliyewacheka watu wa mtaa wake miaka yote bila yeye kuchekwa, akachungulia karai la maji. Akajiona, na mkononi kofia iliyoliwa nusu na mbuzi. Hapo, kwa mara ya kwanza, akajicheka." Umesikia? Kurasa tisini na sita mtoto anamngoja mtu huyu acheke. Anafunua ukurasa, anakutana na kisogo!

AMATULLAH: Mgongo pia huchekesha.

ZILPAH: Huchekesha, nakubali. Ile picha ya kumi na nne, kanzu imenaswa na baiskeli, anaondoka kwa madaha na baiskeli inamfuata. Mgongo ule nilicheka mpaka Becky wa mapokezi akaja kuniuliza nina nini. Lakini huu wa leo hauchekeshi. Umesimama tu. Umesimama kama mtu aliye nje ya wadi, anangoja kuitwa.

AMATULLAH: Nje ya wadi.

ZILPAH: Samahani. Ee Mungu wangu. Samahani, mama Jihan, sikukusudia—

AMATULLAH: Hapana neno. Ni kweli ulivyosema. Ndivyo ulivyosimama.

ZILPAH: Sasa nifanyeje? Wapiga chapa wataka kila kitu leo alasiri. Mwalimu Ngowa alikuwa hapa tangu saa mbili, amevaa miwani, amevua, amevaa. Anasema kama mama wa watu ana msiba tumpumzishe, kazi apewe Bonface.

AMATULLAH: Yule achoraye kwa kompyuta.

ZILPAH: Huyo. Lakini Bonface hachori uso mmoja akakuachia thelathini. Mikono miwili haikai kitabu kimoja. Akichora huu wa mwisho, atawachora wote upya. Atakuwa Bwana Mshindo wake, si wako. Atakesha, tutalipa faini ya siku moja kwa wapiga chapa, kesho asubuhi tayari. Umenielewa?

AMATULLAH: Nimekuelewa.

ZILPAH: Basi nichoree uso mmoja! Mmoja tu, anacheka. Wewe huyu mtu umemchora mara ngapi?

AMATULLAH: Hajacheka hata mara moja. Mara zote amebana midomo kama liwali.

ZILPAH: Fanya kama ulivyokuwa ukituonyesha darasani Majengo, yale masomo ya jioni. Si ulikuwa na kioo kidogo mkobani? Unakunja uso mwenyewe, unajitazama, unachora. Sote tunaacha insha tunakutazama wewe.

AMATULLAH: Kioo kimefunikwa leso.

ZILPAH: Kwa nini?

AMATULLAH: Nyumba hii, mjane akikaa eda vioo hufunikwa. Ndivyo mama alivyokaa, na mamake.

ZILPAH: Lo. Sikujua.

AMATULLAH: Hata kingefunuliwa, sina cha kukionyesha. Juzi Jihan alivaa viatu vyangu kichwani, akapita mbele yangu. Nikajua hapa ndipo ningecheka. Nikangoja kicheko. Hakikuja.

ZILPAH: [mkwaruzo] —ipo siku kitakuja, mpenzi.

AMATULLAH: Labda.

ZILPAH: Lakini niambie kitu kimoja. Zile ishirini na nane hukuzichora kwa kioo. Uso ule si wako. Pua ile si ya mwanamke. Nani ulikuwa ukimtazama?

AMATULLAH: Alikuwa akiniketia nimchore.

ZILPAH: Nani?

AMATULLAH: Babake Jihan.

ZILPAH: Baba—

AMATULLAH: Dada? Umekatika?

ZILPAH: Nipo. Nipo hapa. Mama Jihan… hii pua?

AMATULLAH: Yake.

ZILPAH: Na masikio?

AMATULLAH: Yake, ila nilizidisha. Yeye ndiye aliyesema zidisha, yasije yakaonewa huruma.

ZILPAH: Na kitambi? Mumeo mimi nilimwona, alikuwa mwembamba.

AMATULLAH: Mto. Alikuwa akiuvaa chini ya kanzu, akiufunga kwa mkanda. Akitoka Liwatoni kupima samaki, anaoga mara mbili ile harufu itoke, halafu anaketi juu ya kibao na sufuria kichwani. "Haya, kazi ianze." Akijisomea maneno ya Mwalimu Ngowa kwa sauti nene. Mwenyewe hatikisiki. Mimi mkono watetemeka kwa kucheka, nafuta, nachora. Nikimaliza anashuka, anaitazama, ananiambia, "Huna adabu weye." Anakwenda kulala na ule mto.

ZILPAH: Mbona hukuniambia?

AMATULLAH: Hukuuliza. Ulisema tu yule mtu anachekesha kuliko maandishi yenyewe. Nilimpa habari hiyo. Alitembea nayo siku tatu.

ZILPAH: Basi ndiyo maana. Ndiyo maana umeshindwa kumgeuza mbele.

AMATULLAH: Sikushindwa.

ZILPAH: Hukushindwa?

AMATULLAH: Nilimchora mbele. Hizo tatu nilianza mbele, zote. Siku ya pili baada ya arubaini mama mkwe akafungua sanduku akitafuta shuka, akazikuta. Zile na michoro mingine ya penseli. Akamwona mwanawe na sufuria kichwani.

ZILPAH: Yesu wangu.

AMATULLAH: Alizishika muda mrefu. Halafu akasema, "Umemfanya mwanangu kichekesho, na udongo haujamkauka."

ZILPAH: Nawe ukamwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa—

AMATULLAH: Sikusema kitu.

ZILPAH: Kwa nini?

AMATULLAH: Sijui. Ulimi ulikuwa huko mbali. Akaniambia, "Mgeuze." Nikamgeuza.

ZILPAH: Na hizi ishirini na nane nilizonazo mimi?

AMATULLAH: Hajui kama zipo.

ZILPAH: Mama Jihan! Sasa mimi nitachapaje? Nichape vitabu elfu mbili, bibi wa watu avikute kwa duka, uso wa mwanawe kwa jalada?

AMATULLAH: Basi mpe Bonface.

ZILPAH: Nini?

AMATULLAH: Mpe. Achore mtu wake.

ZILPAH: Wasema hivyo kama mtu anayetoa viazi.

AMATULLAH: Nasema hivyo kwa sababu saa zapita, na Menza yuko mlangoni.

ZILPAH: Na huyu? Huyu wa hapa mezani nimpeleke wapi?

AMATULLAH: Mkunje, mtie kwa bahasha. Nitamteremshia Menza kikapu.

ZILPAH: Mimi siwezi. Wallahi, na mimi si wa dini yenu, lakini wallahi siwezi. Wajua ninatazama nini saa hii? Picha ya tisa.

AMATULLAH: Dada Zilpah, usi—

ZILPAH: Ile ya dimbwi! Ameuma kikoi kwa meno, miguu wazi, mkono mmoja ameinua juu kama nahodha aliyeona nchi kavu. Na maji yenyewe— [kicheko] —maji yenyewe yamemfika hapa, kwa kifundo! Na yule bata anayepita ubavuni— [kicheko] —bata anatembea! Haogelei, anatembea!

AMATULLAH: Dada, spika—

ZILPAH: Ngoja, ngoja, na ya ishirini na mbili, amekwama dirishani, nusu nje nusu ndani, anawasalimia wapita njia kama— [kicheko, kikohozi] —kama ndivyo alivyotaka! Chai imenipalia, jamani. Becky, nipe maji…

AMATULLAH: Dada, punguza. Mama amesimama mlangoni.

ZILPAH: Uwi.

AMATULLAH: [mbali na simu] La, mama. Ni wa kazi. Si kwa ubaya, mama. Naam. Haya, ishike.

ZILPAH: Usimpe! Mama Jihan, usi—

BI JAWAHIR: Haloo.

ZILPAH: Shikamoo, mama.

BI JAWAHIR: Marahaba. Ndiwe nani weye, uchekaye ndani ya nyumba yenye msiba?

ZILPAH: Naitwa Zilpah, mama. Niko Ganjoni, twatoa vitabu vya watoto. Nisamehe sana. Sikujua sauti yafika huko.

BI JAWAHIR: Imefika mpaka kwenye msala. Wamcheka nani?

ZILPAH: Nacheka… ni mtu wa hadithi, mama. Aitwa Bwana Mshindo. Ni wa kutungwa tu.

BI JAWAHIR: Huyo wa kutungwa ana pua ya mwanangu?

ZILPAH: Anayo, mama.

BI JAWAHIR: Mkaza mwanangu yuko hapa ainamisha kichwa. Niambie weye. Yuwafanya nini huyo Bwana, hata ukohoe?

ZILPAH: Avuka dimbwi, mama. Ameuma kikoi kwa meno.

BI JAWAHIR: Dimbwi la kiasi gani?

ZILPAH: La kifundo cha mguu.

BI JAWAHIR: [kimya]

ZILPAH: Mama? Haloo?

BI JAWAHIR: Ndiye.

ZILPAH: Ati?

BI JAWAHIR: Nasema ndiye. Mwana wa kisiwani, maji kushoto, maji kulia, na yuwaogopa maji kama paka. Mvua ikinyesha, yuwangoja abebwe. Miaka kumi na miwili, yuwabebwa! Babake akiona haya. Nani alimwambia huyu habari hiyo? Mimi sikumwambia.

ZILPAH: Mumewe mwenyewe, labda. Mama, yeye ndiye aliyekuwa akiketi achorwe. Alivaa mto tumboni. Alipenda, mama. Mkaza mwanao hakumfanyia dhihaka.

BI JAWAHIR: Ule mto nao. Nauliza mbona una alama ya mkanda, hanijibu. Hajibu kitu, huyu. Tangu siku ile ni kama ukuta. Na hao watakaomcheka ni kina nani?

ZILPAH: Watoto. Wa darasa la nne, la tano.

BI JAWAHIR: Watamcheka kwa ubaya?

ZILPAH: Sijui kukudanganya, mama. Mimi nimemcheka sasa hivi, umenisikia. Nilichotamani ni aje aketi hapa karibu yangu, nimtilie chai.

BI JAWAHIR: Masikio ameyafanyaje?

ZILPAH: Makubwa, mama. Yote mawili. Kama ungo.

BI JAWAHIR: Urongo.

ZILPAH: Hapana, ni kweli, niko nayo hapa mbele ya—

BI JAWAHIR: Nasema ni urongo! La kulia lilikuwa dogo. La kushoto ndilo kubwa, nilimlaza ubavu mmoja alipokuwa mchanga, kosa langu mimi. Mwanamke amelala na mtu miaka mitano, haoni sikio? Amatullah! Wasikia haya?

AMATULLAH: [mbali na simu] Nasikia, mama.

BI JAWAHIR: Na hiyo niliyosema ageuzwe. Yuwafanya nini humo?

ZILPAH: Ndiyo ya mwisho, mama. Mbuzi amekula kofia yake, watu wamemcheka, na yeye ajitazama ndani ya maji, acheka. Twataka uso unaocheka.

BI JAWAHIR: Hutaupata.

ZILPAH: Mama, nakuomba—

BI JAWAHIR: Hutaupata, kwani hakuwa na kicheko hicho cha kinywa wazi. Nyinyi mwadhani kila mtu hucheka kama weye na kikohozi chako. Tena alikuwa na jino limevunjika mbele, aliona haya. Akicheka, avua kofia, aziba mdomo kwa kofia. Waona mato tu juu ya kofia, na mabega yatikisika.

ZILPAH: Kwa kofia.

BI JAWAHIR: Kwa kofia yake. Kila akicheka.

ZILPAH: Mama… kofia ameila mbuzi.

BI JAWAHIR: Yote?

ZILPAH: Nusu.

BI JAWAHIR: Basi jino litaonekana.

ZILPAH: Mama? …Mama, haloo? Mbona kimya? Mama Jihan!

AMATULLAH: Ni mimi.

ZILPAH: Kumetokea nini?

AMATULLAH: Ameniachia simu. Ameketi chini. Ana leso mdomoni, na mabega yake yatikisika.

ZILPAH: Analia?

AMATULLAH: Sijui. Huwezi kujua ukitazama mabega.

ZILPAH: Nenda umshike.

AMATULLAH: Niko na simu mkono huu. Mwingine una penseli.

ZILPAH: Umeshika penseli?

AMATULLAH: Sijui niliishika saa ngapi. Ametikisa kichwa hivi, kuniambia endelea.

ZILPAH: Una hakika ni endelea?

AMATULLAH: Amenisogezea karatasi kwa mguu.

ZILPAH: Oo, Bwana asifiwe. Mama Jihan, sikiza haraka, simu ya ofisi yapiga mlio, salio linaisha. Menza atafika chini ya dirisha lako saa nane. Huo uso mmoja tu. Mbili zilizobaki ziwe mgongo, si neno, nitamwambia Mwalimu Ngowa ni—

AMATULLAH: Zilete.

ZILPAH: Nini?

AMATULLAH: Ishirini na nane zilizoko kwako. Mpe Menza, aje nazo sasa hivi. Na hizo mbili za mgongo.

ZILPAH: Zote? Wapiga chapa wangoja alasiri!

AMATULLAH: Sikio ni mstari mmoja. Naukwaruza kwa wembe, napunguza. La kulia.

ZILPAH: Mama Jihan, hakuna mtoto atakayejua sikio—

AMATULLAH: Mama atajua. [mkwaruzo] —si yeye, Dada. Hawezi kutoka mbele za watu na masikio ya mtu mwingine. Mwambie Menza asipige honi, ashike kamba aivute mara mbili, na asikunje hata—

ZILPAH: Haloo? Mama Jihan? Haloo… Menza! Menza, usizime tuktuk! Becky, bahasha kubwa, haraka!